Ganda Lililovimba

Karakana ya Irja, Kainuu, theluji hadi dirishani.
Ganda la risasi limerudi mwituni limevimba
kama mtu aliyefoka mara moja
mishipa ya shingo isilale tena.

Analipaka mafuta kwa kidole gumba. Kidogo.
Yakizidi, bega linabonyea;
yakipungua, linang'ang'ania kalibu
na Jumapili ndiyo imekwisha.

Mkono wa mashine chini. Chuma kinaguna.
Kalipa: unywele mmoja, basi.
"Usilisukume kupita haja," Tauno alizoea kusema,
"litakatika kiunoni,
na macho unayo mawili tu."

Analijaribu, tupu, kwenye bunduki ya marehemu.
Linaingia. Komeo linajifunga bila ubishi.

Msumarini, koti la Tauno,
mabega mapana vilevile.
Hilo hajalipunguza.