Njia ya Sita

Kwetu Bukavu hakuna mita mia nne zilizolala.
Hata uwanja wa chuo umeegemea upande wa ziwa,
mpira ukiponyoka unateremka wenyewe hadi barabarani
nasi tunaufuata, tukiwaomba radhi wauza parachichi.
Ndiyo maana paja la kushoto la Cirhuza ni nene kuliko la kulia.
Ndiyo maana hatukujua kona ni kitu gani:
tulijua kupanda, tulijua kushuka,
na kushika breki kwa visigino
mbele ya lori la saruji.

Basi tulipofika Lubumbashi tulinyamaza.
Ardhi imetandikwa kama shuka la hospitali.
Bomba la kiwanda limesimama peke yake angani
kama mtu aliyewahi mkutanoni, hajui akae wapi.
Nshombo akauliza, "Huku mtu anakimbilia wapi?
Mwisho unauona kabla hujaanza."
Wenyeji walicheka, wakatuongezea bukari,
samaki tomson, pilipili. Tulikula. Woga wetu hauna adabu,
huwa unashiba.

Mimi ni wa tano katika mbio za watu wanne.
Kazi yangu maji, taulo, makoti, simu za wenzangu zikilia mfukoni mwangu,
mama wa huyu, mchumba wa yule.
Na usiku wa Alhamisi, sitaficha,
katika bweni la lise walikotulaza,
niliomba msuli wa mtu mmoja ukaze.
Si sana. Wa siku mbili tu.
Kisha nikaamka, nikamkanda Zihindula vigimbi kwa mawese ya moto,
nikamkanda kweli, kwa mikono miwili,
hata akasinzia.

Kijiti chetu cha mazoezi kilikuwa kipande cha bomba la maji.
Mwalimu Balagizi alikikata nyumbani kwake kwa msumeno,
mkewe akateka maji kwa jirani juma zima.
Kijiti cha hapa ni cha alumini, cha njano,
chepesi hata kiganja hakiamini kimepewa kitu.

Bastola ikalia.
Wa Kinshasa aliondoka, wa Kananga akaondoka.
Cirhuza aliinama kwanza,
kichwa kati ya mabega,
ndipo akakimbia.
Kwenye benchi letu hakuna aliyeuliza kwa nini.

Wa saba. Nshombo akatutoa huko, wa tano.
Akonkwa, anayesomea udongo, akapokea
akaanza kukimbia ameinama mbele,
akipanda mlima ambao watu wengine hawakuuona,
akawapita wawili juu ya mlima huo,
na alipokitoa kijiti tulikuwa wa tatu,
wa tatu, Mungu wangu, wa tatu katika nchi nzima hii!
Mwalimu Balagizi alivua kofia, akaivaa, akaivua.

Zihindula aliingia kona ya mwisho vizuri.
Kona! Sisi!
Zilibaki mita sitini.
Mguu ukasimama, yeye akaendelea.

Kumbe maombi nayo hupitia posta yetu,
hufika, ila yamechelewa siku mbili.

Alimaliza kwa mguu mmoja, kijiti amekikumbatia
kama mkate uliopatikana kwenye foleni.
Wa nane. Mbao za matokeo ziliandika jina la chuo
na kukosea herufi moja.
Nilikuwa wa kwanza kumfikia. Nilijua msuli upi,
sikuhitaji kuulizwa, na hilo
ndilo lililonichoma.

Jumapili jioni tumerudi kwenye miteremko.
Njia ya Kadutu imelowa, ngazi za udongo zimemomonyoka,
mkono wake uko shingoni mwangu, mzito,
anaruka, anapumzika, anaruka.
Chini yetu taa zinawaka, nyingine zinakatika.
"Wewe," akasema, "ile ya mwisho
ungeiweza?"
Nikamwambia, angalia, hapo pana jiwe.