Saa ya Mwinjuma

Nimeziba kioo kwa selotepu.
Msasa namba elfu moja, kama ulimi wa paka,
nimeununua Gerezani, shilingi mia tano.
Fundi Chande alinionya: fuata nyuzi za chuma,
njia moja, kama unachana nywele.
Ukizungusha, umeiua.

Basi nachana.
Huu mkwaruzo ni geti letu la Tandika,
usiku ule kufuli lilipogoma.
Huu ni bomba, foleni ya maji, ndoo za watu.
Huu wa pembeni siujui. Aliupata kwingine.

Kesho kaka yake anakuja kuchukua vitu:
redio, feni, saa.
Sitaki aseme ilichakaa kwangu.

Umeme umekatika. Naendelea kwa tochi ya simu,
dawa ya meno kidogo, kipande cha kanga,
jasho linadondoka juu ya saa saba kasoro robo.

Nilimuuliza Chande: hivi mikwaruzo huenda wapi?
Akacheka. Haiendi popote, dada.
Unakishusha chuma chote
mpaka kilingane na jeraha.

Nasugua.
Geti limekwisha. Bomba limekwisha.
Ule wa pembeni, loh,
una kina.