Noti ya Elfu Mbili

Kanuni iliingia Majengo kwa pikipiki,
nyuma ya binti mmoja, Ndalu Chidawali,
mkoba wa vipimo begani, karatasi ina mihuri miwili:
majokofu ya biashara yapimwe yote,
linalokula umeme kupita kiwango
libandikwe nyota moja, na mwakani lisiuzwe tena.

Nilicheka kidogo. Mimi ndiye fundi.
Miaka kumi na minne ninayafufua haya,
yanashushwa Dar yakiwa yamechokea kwao,
nayatia gesi, nayafunga kwa mpira wa baiskeli,
nawaambia wenyewe: bado, lipo lipo.

La Mama Mbeleje lina mlango wa kioo.
Hukoroma usiku kucha kama mlevi kibarazani.
Ndani maziwa mgando, juisi ya zabibu ya Hombolo.
Mama hununua tokeni kabla hajanywa chai.
"Luku inakunywa kuliko wateja," husema,
nami hujibu: bei imepanda, mama.

Binti hakufungua mkoba. Aliomba noti.
Mama akafungua fundo la khanga, akatoa elfu mbili
iliyolegea kama jani la mlenda.
Ikawekwa ukingoni, mlango ukafungwa juu yake.
"Vuta."
Ikatoka bila kusita,
kama mgeni aliyekwisha kuaga.

Mama akaitazama noti, akanitazama mimi.
"Kumbe kila siku huwa inatorokea hapa?"

Ningeweza kusema vumbi la Septemba hutafuna mpira,
na ni kweli.
Ningeweza kusema kanuni huandikwa na watu
ambao maji yao ya baridi huletwa na tarishi.
Lakini ule mpira wa baiskeli niliufunga mimi,
siku ya mnada, mbio mbio,
nikalipwa elfu nane.

Nyota moja ikabandikwa. Ya buluu. Haikung'aa.

Jioni nilirudi bila kuitwa
na mpira mpya wenye sumaku, mita nne na kitu.
Nilisugua ukingo kwa maji moto na sabuni,
nikaubandika pembe kwa pembe, nikiwaza
yale mengine kumi na saba, mtaa huu peke yake,
yote yana mkono wangu.

Mama alisimama nyuma, noti kiganjani.
Hakuuliza bei.
Akaiweka, akafunga, akavuta.
Noti ikagoma.
Akavuta tena, ikachanika kidogo pembeni.

"Iache," akasema. "Leo ilale ndani."