Kikombe cha Sukari

Alhamisi saa mbili usiku, Winnipeg, theluji imefika dirishani.
Baba anaanika soksi juu ya hita,
mama anamenya viazi vya kesho,
mimi na Marko tumelala kifudifudi zuliani,
viwiko vimeota sugu kwa kuwapenda watu wasiotujua.

Kina Wetherby.
Jiko la njano. Ngazi ambazo hatukuwahi kuona zinakoishia.
Mbwa anayejiziba macho baba mtu akianza kuimba.
Shida kwao ilikuwa na adabu:
iliingia saa mbili na dakika tano,
ikaaga kabla ya saa mbili na nusu,
ikawaacha wamekumbatiana, keki mezani.
Na kile kicheko cha kopo,
cha watu tusiowaona, pengine wengine walishakufa,
kikimwagwa juu ya kila neno kama rojo.

Pembeni alikaa Bwana Pomfrey.
Miaka minne, kila wiki, mlango wa nyuma,
kikombe cha bati mkononi: "Mna sukari kidogo?"
Kopo likafunguka, kwekwekwe.
Marko alimuigiza mpaka shuleni.
Hata padri alimuigiza Jumapili moja,
akapata kicheko cha kweli.

Usiku ule hakugonga.
Mtoto wao wa mwisho alifungua mlango kumwita mbwa,
akakuta vikombe.
Vimepangwa toka kizingitini hadi langoni,
vya bati, vya udongo, chupa za jemu,
vyote vimejaa sukari pomoni,
na theluji ya bandia inavidondokea taratibu
hata usijue kipi kitamu, kipi baridi.

Watu wa kopo walicheka.
Kwa mazoea, nusu sekunde,
kisha mtu huko ndani akawaziba mdomo.

Baba mtu alivuka ua bila kofia.
Kamera haikumfuata. Ilibaki na mtoto,
na dirisha la jirani: taa inawaka, pazia halitikisiki.
Tukasikia mlango ukivunjwa.
Tukasikia jina likiitwa mara tatu,
la tatu dogo kuliko la kwanza.

Miaka minne hakuwa na chai ya kutia sukari.
Alitaka mtu aseme, ingia.
Nao walimpa sukari,
walimpa kila mara, kwa moyo mkunjufu,
wakafunga mlango kwa sababu ya baridi.

Nyumba njema si mlango. Sawa.
Lakini yupo anayeishia mlangoni.

Mama alisema, "Watoto wanatazama,"
akanyoosha mkono kwenye kitufe, usifike.
Likaja tangazo la sabuni, jeupe, linaimba.

Baba akavaa soksi zake mbichi.
Akavaa buti, koti, akachukua kikombe.
"Orest, tuna kilo mbili kabatini."
"Najua."

Nje, nyuzi thelathini chini ya sifuri.
Nilikwangua barafu ya kioo kwa kucha, nikamwona
anaikata theluji kuelekea kwa mzee Lysenko,
ambaye tangu Oktoba tulimjua kwa moshi wa bomba lake tu.
Alirudi saa nne, ananuka vitunguu na tumbaku.
Kikombe kilikuwa kitupu.
Hatukuuliza.

Wiki iliyofuata kina Wetherby walipoteza ufunguo wa gari ndani ya keki.
Hakuna aliyemtaja.
Nyumba ya pembeni imepakwa rangi,
kahamia bibi mmoja mwenye kasuku.
Kopo likafunguliwa tena,
na sisi tukacheka, Mungu atusamehe,
yule kasuku alichekesha.

Marko peke yake aliondoka katikati.
Tukamsikia jikoni anafungua kabati,
anahesabu vikombe.