Vitundu

Kofia moja ya vito ina vitundu mia tano na ushei.
Miaka thelathini na miwili nimevizungushia uzi,
kila kimoja mara saba,
kisizibe.
Basi daktari wa Wete aliponichorea ini langu
nyuma ya karatasi ya kipimo cha mkojo,
na chini yake mrija mwembamba, akaukoza kwa kalamu,
akasema, "Hapa, Bi Mize, pameziba,"
nilitaka kucheka.

Aliyeona mwanzo ni mjukuu wangu Shuweikha:
"Bibi, macho yako yamepakwa bizari."
Mara ya mwisho kuwa na rangi ile
nilikuwa ndani, nasingwa,
kungwi ananisugua mgongo, kucheka kwingi.
Umanjano ule ulitoka kwa maji.
Huu ulikuja na muwasho, nikajikuna kwa gunzi
hadi shuka ikaingia damu.
Shemeji Mbwana akaniletea kombe la zafarani.
Nikalinywa. Manjano juu ya manjano.

Kanga ya kwanza aliyoninunulia marehemu
iliandikwa *Nyongo mkalia ini*.
Nikidhani ni mapenzi tu.

Unguja walinitia kibomba, mkojo ukarudi rangi yake.
Kisha akaja Raiye, muuguzi wa utafiti, na kurasa kumi na moja.
"Kuna dawa mpya, Bi Mize. Ingali kwenye majaribio."
"Mtihani?"
"Jaribio."
"Mwanangu, mtihani ninao."
Alinisomea polepole, akivuka kila neno
kama mtu avukaye tope na viatu mkononi.
Akafika hapa:
*unaweza kujitoa siku yoyote, bila kutoa sababu,
na hutanyimwa matibabu.*
Nikamwambia, rudia.
Miaka hamsini na minane, hakuna karatasi
iliyopata kuniambia hivyo,
si ya ndoa, si ya deni la karafuu.

Halafu kura.
Sote tutapata dawa ya kawaida;
nusu wataongezewa mpya,
nusu wataongezewa maji ya chumvi kwenye chupa ile ile.
"Nani ajuaye yupi kapata nini?"
"Si wewe, si mie, wala daktari."
"Basi ni Mungu na kompyuta."
Raiye akacheka, kisha akaniomba radhi.
Nikatia sahihi. Nikawa namba kumi na saba.

Kila wiki ya tatu napanda boti Mkoani,
kofia kwenye mkoba, na uzi, na ndimu ya kunusa.
Lakini mkono wenye sindano yao
hauwezi kushika sindano yangu.
Nalala naitazama chupa.
Siku nyingine nasema: hii ndiyo.
Siku nyingine nasema: maji ya bahari haya, nimeyavuka bure.

Wananitoa na damu nyingine, kichupa cha kifuniko cha zambarau,
ya kutafutia kipimo kitakachoinasa maradhi
kabla macho hayajageuka.
"Hiki si chako, Bi Mize. Ni cha wajao."
"Shuweikha?"
"Labda. Na labda kipimo chenyewe kisifaulu."
Nilimpenda kwa labda ile.
Nyumbani kila mtu ana hakika:
huyu utapona, yule kimya cha kujua.

Mwezi wa nne vidole vikaanza kufa ganzi.
Nilijidunga, nikaiona damu kwenye kitambaa cheupe
kabla sijasikia chochote.
Raiye akaandika: ganzi, mkono wa kulia, tarehe.
Akauliza, ni kidogo, wastani au kali?
Nikamuuliza, kwa mtu wa kazi gani?
Kalamu yake ikasimama kidogo hewani.
Nilijua ninaweza kujitoa. Ukurasa wa sita.
Nikamnyooshea mkono wa pili.

Kofia ya Mbwana imebaki vitundu arobaini.
Shuweikha ananitungia uzi, anataka kunimalizia;
nimemwambia angoje.
Naviona, sivihisi.
Nazungusha kwa macho,
nahesabu kwa sauti ili nisikosee:
tano, sita,