Sekunde Mbili Chini ya Saba

Nimekuwa mfamasia miaka thelathini na minane,
najua nusu kijiko si kijiko.
Kwa hiyo daftari langu lina safu tatu:
tarehe, muda, sababu.

Bustani ni duara la lami, kilomita tatu na nusu,
Sydney, upande ambako nyumba hazinunuliki
lakini kuzunguka ni bure.
Saa kumi na mbili na nusu asubuhi niko langoni,
Noeline, miaka sitini na minne,
juu ya baiskeli ya kijani
aliyoniachia mpangaji aliyehama bila kulipa.

Dakika saba na sekunde arobaini. Sababu: upepo wa kusini,
ule unaoingia mjini bila hodi,
unakusukuma mgongoni kando ya bwawa kama mtu mwema,
kisha ukikata kona ya mikaratusi
unakudai vyote, na riba.

Saba na thelathini na moja: tairi la nyuma,
limelegea kama shavu la mgonjwa.
Pampu ilikuwa nyumbani. Kosa ni langu.

Nane na tano: farasi.
Wana haki ya kuvuka, na wanaijua.
Yule wa kahawia alisimama katikati, akafikiri,
akaacha alichoacha, akaenda zake.

Jumamosi sizihesabu. Jumamosi ni za watoto
wanaoyumba kushoto wakitazama kulia.

Saba na tisa: nilijificha nyuma ya Thanasis Vlahos,
fundi bomba mstaafu, mgongo mpana kama mlango wa ghala.
Nyuma yake hakuna upepo,
kuna harufu ya kitunguu saumu
na kimya kama cha stoo ya dawa.
Akageuka. "Noeline, huo ni wizi."
Nikaandika: wizi.

Kibao cha langoni kinasema thelathini kwa saa, mwisho.
Nilipiga hesabu jikoni, mara mbili:
dakika saba kamili ndiyo thelathini kamili.
Kushuka chini ya saba ni kuvunja sheria,
mimi ambaye sijatoa hata kidonge kimoja bila cheti.
Usiku ule usingizi ulinipaa.
Furaha ilinikereketa kooni.

Septemba. Nyuma ya uwanja wa kriketi,
kwenye kile kilima ambacho mwenye gari hakioni
ila goti hukijua kwa jina,
magpai alikuwa na makinda.
Sikusikia mbawa. Nilisikia mdomo: ta! kwenye kofia.
Ndege wa weusi na weupe,
miezi kumi na moja mwimbaji, mmoja askari.
Ta! tena, nyuma ya sikio.
Nikasimama juu ya pedali, mimi wa goti bovu,
nikapanda nikitukana maneno
ambayo marehemu mama alidhani siyajui.
Nikampita Thanasis. Nikampita kijana wa soksi ndefu.
Bwawa likapita, mikaratusi ikapita,
na farasi, kwa mara ya kwanza, akanipisha.

Dakika sita, sekunde hamsini na nane.

Thanasis anasema haihesabiki:
kusaidiwa na mnyama ni kusaidiwa.
Nikamuuliza, na huo mgongo wako ni nini?
Hatukusemezana wiki nzima.
Wiki hiyo nilirudi saba na thelathini.

Safu ya tatu nimeifuta mara nne.
Ndege. Hofu. Hasira.
Mwisho nikaandika: alitaka niondoke.

Septemba imerudi.
Waendeshaji wote wamechomeka vipande vya plastiki kwenye kofia,
vimesimama kama miiba ya nungunungu;
wengine wamechora macho kisogoni.
Hata mimi nilikuwa navyo, kumi na viwili, vya njano.

Leo nimevikata kwa mkasi, kimoja kimoja,
nikavipanga mezani kando ya pampu.
Upepo: hakuna. Tairi: gumu. Siku: Jumanne.
Kofia: tupu.