Sudi Haibebi Gari

Gari hili limelala kama mtu aliyeapa hainuki.
Kati ya tumbo lake na saruji vinapita vidole vinne,
si vitano, nimepima,
na jeki niliyoipata kwa bei ya kutupa
Mtaa wa Barton, siku theluji ilipoanza kuyeyuka,
ina kichwa cha vidole sita.
Haiingii. Hesabu haibembelezwi.

Nikakata ubao wa kitanda cha zamani, vipande viwili,
nikavichonga ncha kama kisigino cha kiatu,
nikaviweka mbele ya magurudumu ya mbele.
Dirisha wazi, sikio nje,
nikalipandisha polepole; likaguna,
bwana mkubwa anayeombwa kusogea mkekani.
Jeki ikapita.

Bi Ottavia yuko mlangoni mwa gereji,
koti la marehemu mumewe, kahawa mkononi.
Gari lilikuwa la Carmine. Aliniuzia
kwa bei nafuu na sharti moja:
nisiingie chini yake yeye hayupo.
Nikaitikia, nikidhani ni upweke wa mjane.

"Zudi," (ndivyo anavyoniita, miaka mitatu sasa) "breki?"
Breki ya mkono nimeivuta. Gia ya kwanza.
Magurudumu ya nyuma nimeyatia kabari pande zote mbili,
maana sakafu hii inainamia barabarani;
maji ya kuoshea yalilijua hilo kabla yangu.
"Na jeki inashika wapi?"
Namwonyesha kwa tochi: si bati,
bati litabonyea kama kopo la maziwa,
ni mhimili huu mnene unaopita chini ya injini.
Juu ya kichwa cha jeki naweka kile kidude cha mpira mweusi
ambacho watoto wa Hamilton hukigombea kwa magongo juu ya barafu.
Mjukuu wake alinipa. Kina alama za meno ya mbwa.

Nasukuma mpini. Pua inainuka.
Stendi mbili, moja kila ubavu, pale penye mfupa,
pini zimezama hadi mwisho.
Nalegeza jeki hadi uzito ukae juu ya chuma.
Kisha nalisukuma gari kwa bega, kama mtu anayetafuta ugomvi:
kama ni kuanguka, lianguke sasa,
chini yake kuna hewa tu.

Ukutani, kwa chaki, niliandika ubeti wangu mwenyewe:

*Jeki kaziye kwinua, haikuumbwa kuweka,*
*Mafuta yakipungua, itashuka bila shaka,*
*Stendi ndizo huchukua, mzigo bila kuchoka,*
*Usilale hujajua, wapi uzito wafika.*

Bi Ottavia hasomi Kiswahili. Huutazama tu,
kama anavyotazama risiti ya duka.

Nimelala juu ya kadibodi, spana mkononi,
ndipo anaposema, bila kuulizwa,
kwamba Silvio, shemeji yake, aliliegemeza lake juu ya matofali.
Mwaka sabini na nne. Jumamosi. Kazi ya dakika kumi.
"Tofali halipasuki kwa kishindo," anasema.
"Linakohoa."
Yeye alikuwa ndani, anapasha supu.

Sikupata neno.
Naangalia stendi ya kushoto. Naangalia ya kulia.
Mama aliniita Sudi, akitaka bahati initangulie;
humu, Mama, naomba ibaki nje.

"Zudi?"
"Nipo."
Bolti ya oili imegandamana.
"Zudi?"
"Nipo."
Inalegea, robo mzunguko, nusu,
oili inanitiririka hadi kwapani, ya moto,
nasaga meno, nasahau kuitika,
na sepetu la theluji linagonga saruji, mara tatu,
kwa nguvu ambayo sikujua anayo.

"Nipo! Nipo, Bi Ottavia."

Kimya.
Kisha nasikia anapiga funda la kahawa,
ambayo bila shaka imeshapoa.